Mafuta Yaliyoganda Juu ya Maharage

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, kwenye soko la Mpanda, Fausta aliinama kuinua debe la maharage na debe likabaki pale pale.

Halikuwa debe geni. Lilikuwa lile lile alilolitoa chini ya meza kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, akalipandisha gotini, kutoka gotini hadi kifuani, halafu akayamwaga maharage kwenye beseni huku akipiga soga na majirani. Siku hiyo alilikumbatia, akavuta, akasikia mapaja yanatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Akaliachia. Akavuta pumzi, akajaribu tena. Mara ya tatu alijikuta amekaa kitako kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele yake kama ya mtoto.

"Mama Ima, umedondosha nini huko chini?" aliuliza Nyanzala, muuza mchele wa meza ya jirani.

"Sijadondosha kitu. Nainuka."

Lakini hakuinuka. Aliweka viganja chini, akasukuma; mwili ukanyanyuka kidogo, ukarudi. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri kupimiwa walicheka wakidhani ni utani, halafu wakaacha kucheka. Nyanzala akazunguka meza, akamshika kwapani, akamsimamisha. Fausta akabaki ameduwaa, akiyatazama mapaja yake ndani ya kitenge kana kwamba amebadilishiwa na mtu. Alikuwa na miaka hamsini na miezi miwili. Mama yake mzazi alilima kwa jembe la mkono mpaka akafika sabini na tano.

"Malaria hiyo," alisema Nyanzala.

"Sina homa."

"Basi ni hayo majani yako. Miaka yote nakwambia, binadamu siyo mbuzi. Kwetu sisi Wasukuma, mtu asiyekula nyama tunamuuguza."

Maneno hayo Fausta alikuwa ameshayazoea. Kilichomtisha ni kwamba kwa mara ya kwanza aliona huenda ni ya kweli.

Fausta ni mtoto wa Sibwesa, kwenye familia ya Wabende waliolima mahindi, mihogo na karanga. Alikuja mjini alipoolewa na Edgar, kibarua wa reli, wale wanaotembea juu ya mataruma, magogo yanayobeba reli, mchana kutwa wakikaza na kubadilisha. Walipata binti mmoja, Imakulata, ambaye sasa ameolewa Kaliua. Nyama Fausta alikula kama watu wengine, mpaka mwaka aliotimiza thelathini na tisa.

Mwaka huo alikuwa amekwenda kijijini kumhudumia mdogo wake, Eufrazia, aliyekuwa ametoka kujifungua. Ng'ombe wa jirani akafa mwenyewe. Bwana mifugo alikuwa mbali, na watu hawakuwa wameonja nyama tangu Pasaka, wakachuna, wakagawana. Eufrazia alikula nyama ile Jumamosi. Jumatatu tumbo lilikuwa limevimba na anaharisha damu. Jumatano walimzika. Baadaye wakaja wataalamu wakasema ni kimeta.

Fausta aliporudi mjini, Edgar alimkaribisha kwa robo ya nyama ya kukaanga aliyoinunua mtaani. Akalisukuma bakuli mbali na yeye. "Kitu kilichowahi kuhema mimi sili tena," alisema. Nyama, kuku, samaki, hata dagaa. Edgar alidhani ni msiba, utapita. Miaka kumi na moja ikapita, msiba haukupita.

Tatizo ni kwamba aliondoa na hakuweka kitu mahali pake. Maharage aliyauza, kuyala, hapana. Jioni alikuwa amechoka, maharage yanamaliza mkaa, tena yalimjaza gesi. Ugali wa muhogo na matembele vilikuwa tayari mara moja. Kesho kisamvu, keshokutwa mlenda, asubuhi chai ya rangi na andazi. Alishiba. Na mtu aliyeshiba hajiulizi amekula nini.

Edgar alipoambiwa yaliyotokea sokoni, aliita bajaji bila kuuliza mara mbili. Kwenye kituo cha afya walimkuta Nesi Scolastica, mwanamke wa rika la Fausta, mpole wa sauti na asiyependa kuzungushwa. Alimpima malaria, hakuna. Sukari, hakuna. Presha nzuri. Damu imepungua kidogo. Halafu akamvutia kiti cha mbao katikati ya chumba.

"Mama, kaa. Kunja mikono kifuani. Sasa simama, ukae, mara tano, bila kujishika popote."

Fausta akaona ni mchezo wa watoto. Akasimama mara moja. Ya pili akasimama akipepesuka. Ya tatu aliishia katikati, magoti yakakataa, akadondokea kiti kikalia. Alimtazama mumewe. Edgar alikuwa ameangalia sakafuni.

"Unakula nini nyumbani?" aliuliza nesi.

"Nakula vizuri. Mboga kwa wingi."

"Mboga gani?"

"Matembele. Kisamvu. Mlenda."

"Na nyama? Dagaa?"

"Sili. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Maharage? Kunde? Choroko?"

"Mara moja moja. Kukiwa na sherehe."

Nesi aliandika, kisha akaweka kalamu chini. "Misuli yako inaisha, mama."

"Inaisha? Inakwenda wapi?"

"Mwili unaila. Kila siku mwili unahitaji protini ya kujitengeneza. Usipoupa, unachukua pale ilipo, na ilipo ni kwenye mapaja na mikono yako. Halafu umri wetu huu, hedhi imekoma, mwili umekuwa mvivu wa kujenga. Unataka zaidi ya ulivyotaka ukiwa msichana, na wewe unaupa muhogo."

Miaka yote Fausta amekuwa akidhani anajiepusha na kuuawa na chakula. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa analiwa, taratibu, kutokea ndani, huku amekaa anashiba.

"Nesi, mwambie tu ale nyama," alisema Edgar. "Mimi hanisikilizi."

"Sijasema nyama, baba. Asiyekula nyama anaweza kuwa na nguvu kuliko wewe. Ila lazima ajue anachofanya." Akamgeukia Fausta. "Unafanya kazi gani?"

"Niko sokoni. Nauza maharage."

Nesi Scolastica alimtazama muda mrefu, na Fausta akaona aibu inampanda kutoka shingoni hadi kwenye nywele.

"Unauza maharage," alisema nesi polepole.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na tisa."

Alirudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili. Maharage au kunde au choroko, bakuli zima, siyo mchuzi wa kulainishia ugali. Tena kila mlo, asubuhi, mchana na jioni, maana mwili haujui kuweka akiba ya jambo hilo. Ayaloweke tangu jioni na kumwaga yale maji, gesi itapungua. Karanga za kusaga kwenye kisamvu. Uji wa lishe wenye soya. Ugali wa mahindi mahali pa muhogo. Mayai, kama roho yake inakubali. Fausta alifikiria mayai siku mbili, akaamua kwamba yai halijahema bado. Vidonge vya kuongeza damu. Na kile kiti: asimame na kukaa asubuhi na jioni, aongeze kidogo kidogo, kwa sababu msuli usiotumika haujengwi na chakula peke yake.

Hapo ndipo Edgar alipowashangaza majirani. Alikuwa ameshastaafu, miaka hamsini na saba, na tangu kuoa hakuwahi kugusa mwiko. Sasa aliingia jikoni. Alichagua maharage, akaloweka, akapuliza mkaa mpaka macho yakawa mekundu. Watoto wa mtaani walimchungulia wakicheka. Yeye akaendelea. Kila asubuhi alitoka na chupa ya chai kwapani, akisema anakwenda kunyoosha miguu upande wa stesheni, akirudi anapika. Fausta aliporudi kutoka sokoni alikuta chakula kimefunikwa, na maharage yale yalikuwa matamu ajabu. Aliyasifu. "Umeficha kipaji miaka yote hii, Baba Ima," alimwambia, na Edgar akajikuna kichwa.

Wiki ya tano alisimama kwenye kiti mara tano. Wiki ya saba akaliinua debe, likiwa nusu, lakini akaliinua. Alimwita Nyanzala aone. "Maharage haya haya ninayowauzia nyie!" alisema kwa sauti, na siku hiyo wateja walinunua kwa kuangalia mikono yake.

Ikafika mwezi wa saba, asubuhi za baridi ile inayofanya watu wa Mpanda watafute makoti. Siku moja Edgar alikuwa bado hajarudi na chupa yake, na Fausta akasema leo nisimngojee, nipashe kiporo mwenyewe. Akafunua sufuria ya maharage ya jana.

Juu ya mchuzi kulikuwa na utando mweupe.

Aliugusa kwa kidole. Ulikuwa mgumu, ukavunjika kama nta. Akasugua kati ya vidole, ukayeyuka, ukanata. Nyumbani walipikia mafuta ya alizeti, na mafuta ya alizeti hayagandi kwa baridi ya Mpanda. Alisimama pale, kifuniko mkononi, akili inakataa kile ambacho vidole vimeshajua. Akaleta kidole puani. Harufu ile, ambayo kwenye chakula cha moto ilifunikwa na vitunguu na karanga, hakuwa ameisahau. Miaka kumi na moja, na hakuwa ameisahau hata kidogo.

Edgar alipoingia uani alimkuta mkewe ameshikilia ukuta, anatapika. Chupa ya chai ilikuwa kwapani. Fausta akanyoosha mkono. Edgar akampa, labda alikuwa amechoka kuificha. Akaifungua. Mvuke ukatoka: supu ya mifupa ya ng'ombe, ya moto, ya kwa muuza supu wa stesheni.

"Tangu lini?"

"Mama Ima..."

"Edgar. Tangu lini?" Hakuwa amemwita kwa jina tangu Imakulata azaliwe.

"Tangu siku ile ya kituo cha afya."

Miezi mitatu. Fausta akajaribu kuhesabu mabakuli, akashindwa. Alijitazama mikono, mikono ile aliyowaonyesha watu sokoni, na akahisi kama siyo yake.

"Ulinilisha," alisema. "Unajua kabisa. Ukanilisha, nikala, nikakusifu."

"Nilikuwa naogopa utakufa. Nilikuona pale kwenye kiti. Nikasema, maharage peke yake yatamfanya nini? Nikasema akipata nguvu nitaacha."

Fausta hakupiga kelele. Angepiga kelele Edgar angejua la kufanya. Alichukua kitenge chake na kwenda kwa Nyanzala, akakaa huko siku nne.

Nyanzala, alipoelezwa, alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akamwona Fausta hacheki, akafunga mdomo. Akamchemshia mayai mawili na maganda yake, maana Fausta hakutaka tena kitu chochote kilichopikwa mahali asipoona.

"Lakini dada yangu," alisema Nyanzala, safari hii taratibu, "kosa kafanya, sikatai. Ila nguvu si zimerudi? Zimerudi kwa supu. Mshukuru Mungu, ufumbe macho."

Hilo lilimuuma kuliko udanganyifu wenyewe. Usiku na mchana alilizungusha kichwani. Ina maana alichojivunia kilikuwa uongo? Ina maana ili asimame inabidi ale kile kilichomzika Eufrazia, na asipokula atarudi kukaa vumbini?

Siku ya tano alikwenda kituo cha afya. Kwenye benchi la nje alimkuta Edgar amekaa, koti la mvua la zamani la reli begani, macho yamevimba. Alikuwa anakuja hapo kila asubuhi tangu mkewe aondoke, akijua mwisho naye atakuja. Waliingia pamoja bila kusalimiana.

Fausta alieleza yote. "Nesi, nataka ukweli. Hizi nguvu ni za supu?"

Nesi Scolastica alimgeukia Edgar. "Ulikuwa unaweka kiasi gani?"

"Kikombe. Kwenye sufuria nzima."

"Na nyama zake?"

"Nyama ningewekaje, angeziona! Supu tu."

Nesi akavua miwani. "Baba, kikombe kile ni maji, chumvi, mafuta na harufu. Protini iliyomo pengine haifikii ya yai moja, halafu ukaigawa kwenye sufuria ya siku nzima. Bakuli moja la maharage lilikuwa linaishinda mbali. Kilichomwinua mkeo ni maharage uliyompikia, mayai, karanga na kile kiti."

Edgar alihesabu kitu kwa vidole, akaacha.

"Kwa hiyo ile supu..."

"Ilikuwa bure. Umemvunja moyo mkeo kwa kitu cha bure."

Edgar aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Fausta alitegemea kufurahi, lakini furaha haikuja. Nguvu zilikuwa zake, hilo alilisikia, likamwingia polepole kama mtu anayepewa habari njema katikati ya matanga.

"Na wewe," nesi akamwambia Edgar, "hebu kaa hapa kwenye kiti."

"Mimi nakula nyama."

"Unakula mara ngapi?"

"Jumapili. Finyango mbili, tatu."

"Na siku nyingine?"

Edgar akakaa, akakunja mikono. Mara ya kwanza akasimama kwa kishindo, ya pili kwa kuguna, ya tatu akayumba, ya nne makalio hayakuachia ubao. Mtu aliyebeba vyuma vya reli miaka thelathini! Alitazama mapaja yake kwa macho yale yale ambayo Fausta alikuwa nayo sokoni, na Fausta, ambaye alikuwa ameapa kutomsemesha, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Shika ukuta, utaanguka."

Walirudi kwa miguu. Walipofika karibu na reli Fausta akasimama, akakaa juu ya gogo la taruma lililotupwa kando. Edgar akakaa, ila akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Eufra hakutaka ile nyama," alisema Fausta.

Edgar akageuka.

"Alisema ameshiba. Mimi ndiye niliyepika, mimi ndiye niliyepakua. Nilimwona amekonda, ananyonyesha. Nikamwambia, ongeza kidogo mdogo wangu, upate nguvu. Akasema dada, sitaki. Nikamwekea vipande viwili vingine, nikasimama pale mpaka akamaliza. Mimi sikula; jino lilikuwa linaniuma."

Miaka kumi na moja walilala kitanda kimoja na hilo Edgar hakulijua. Alijua msiba, alijua kimeta. Mwiko ulikuwa mkononi mwa nani, hilo hakuwahi kuambiwa. Bajaji ikapita, vumbi likawafunika, hakuna aliyefumba macho.

"Kwa hiyo unaponipa kitu nisichokitaka, eti nipate nguvu," Fausta akasema, na sentensi hakuimaliza.

Edgar alisogea, akaijaza ile nafasi, akauchukua mkono wa mkewe akaushika kwa mikono yake miwili. Walikaa hivyo mpaka jua likawafikia miguuni, halafu Fausta akasema maharage hayajalowekwa.

Mambo hayakunyooka siku ile. Mwezi mzima Fausta alipika chungu chake mwenyewe, na Edgar alikula mkate na chai kwa aibu. Halafu magoti yakamsumbua Edgar, nesi akampa karatasi kama ya mkewe, na ikawa upuuzi kuwasha majiko mawili kwa maharage yale yale. Siku hizi Edgar ndiye anayepika tena. Fausta hukaa kwenye kigoda mlangoni, na Edgar hutaja kila kinachoingia kwenye sufuria kabla hajakiweka, kwa sauti, hata kama jirani yupo anasikia.

"Maharage. Kitunguu. Nyanya mbili. Karanga. Mafuta ya alizeti, haya hapa, yaone. Chumvi."

"Na nini kingine?"

"Basi. Hakuna kingine."

Kuna siku Fausta huinuka pale alipokaa, akaja kuchungulia ndani hata hivyo. Edgar humpisha, akanyanyua kifuniko juu kabisa ili mvuke utoke aone vizuri.